Habari za Kurudisha Protini katika Maandishi ya DNA

Kila kiumbe hai, tangu bakteria asiyeonekana kwa macho hadi tembo, hutengeneza protini zake kwa kufuata maandishi yaliyomo ndani ya chembe zake. Maandishi hayo huitwa DNA, na herufi zake ni nne tu: A, T, G na C. Herufi tatu zikifuatana hufanya neno moja, ambalo wataalamu huliita kodoni, na kila kodoni hutaja asidi amino moja katika zile 20 ambazo kwazo protini hujengwa. Kazi ya kusoma maandishi hayo na kuyageuza kuwa protini imepewa jina la tafsiri, na jina limestahili. Lakini tafsiri hii ina ajabu yake. Kwenda ni njia moja, kurudi ni njia nyingi mno. Ukipewa DNA, protini yake waijua bila ya shaka. Ukipewa protini peke yake, huwezi kusema DNA yake iliandikwaje.

Siku hizi mwanafunzi wa elimu ya viumbe atakaye kurudi kwa njia hiyo hakai kufikiri. Hufungua programu katika intaneti, akatia herufi za protini yake, akachagua jina la kiumbe atakayeitengeneza, na kabla hajameza funda la chai jeni nzima imekwisha kuandikwa, pamoja na tangazo kwamba imefanywa bora. Makala haya yataka kueleza ubora huo ulitoka wapi, ni nani walioupima, na kwa kipimo gani. Swali hili ni la historia kama lilivyo la maabara. Kipimo kilibuniwa na watu, katika miaka inayojulikana, kwa sababu zinazojulikana. Na tangu hapo wengi wamekitumia pasipo kuzikumbuka sababu hizo.

Tuanze na hesabu. Herufi nne zikipangwa tatu tatu hutoa kodoni 64. Tatu kati yake ni alama za kukoma, mfano wa nukta mwisho wa sentensi. Zilizobaki 61 zimegawiwa asidi amino 20, na mgawo wenyewe hauna usawa. Methionini na triptofani zina kodoni moja moja; leusini, serini na arginini zina sita sita; nyingine zina mbili, tatu au nne. Basi kodoni za leusini ni visawe, kama vile upesi, haraka na hima zilivyo visawe katika Kiswahili. Chukua mfano wa somatostatini, homoni ndogo yenye asidi amino 14 tu. Ukizidisha idadi ya visawe vya kila moja utaona kwamba yaweza kuandikwa kwa namna 393,216, na kila namna huzaa homoni ile ile, asidi kwa asidi. Hiyo ni homoni ya asidi 14, ilhali protini nyingi zina mamia.

Visawe hivi havikutarajiwa. James Watson na Francis Crick walipotangaza umbo la DNA mwaka wa 1953, mara likazuka swali la namna herufi nne zinavyoweza kutaja asidi 20. Wa kwanza kulivamia alikuwa George Gamow, mwanafizikia mzaliwa wa Odessa aliyehamia Marekani. Mwaka wa 1954 alichapisha fumbuzi lake: alidhani kwamba katika mkunjo wa DNA mna vishimo vyenye umbo la almasi, na kila kishimo huipokea asidi moja. Akahesabu aina za vishimo, akapata 20. Fumbuzi hilo halikudumu, lakini hesabu yake iliwasha moto. Mwaka wa 1957 Crick, pamoja na John Griffith na Leslie Orgel, walileta fumbuzi lililopendeza zaidi. Walisema kwamba katika maneno 64 ni machache tu yenye maana, nayo yamechaguliwa hivi kwamba ukianza kusoma kutoka herufi isiyo ya kwanza hupati neno lolote. Kwa hiyo maandishi hayahitaji mkato baina ya neno na neno. Idadi kubwa kabisa ya maneno yanayoweza kutimiza sharti hilo ni 20 barabara, haizidi wala haipungui. Katika mpango huo hapana kisawe hata kimoja; kila asidi ina jina lake, na mengine yote 44 ni upuuzi.

Ni nadra kuona kosa zuri kama hilo. Neno la herufi moja iliyorudiwa mara tatu, mathalan UUU (katika RNA herufi U hushika nafasi ya T), halikuruhusiwa katika mpango wa Crick, kwa kuwa mfuatano wa U tupu hauonyeshi neno lianzie wapi. Basi mwaka wa 1961, mjini Bethesda huko Marekani, Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walitia RNA yenye herufi U tu katika maji ya bakteria waliopondwa, nayo maji yakatoa mnyororo wa fenilalanini tupu. Neno la kwanza kusomwa na mwanadamu katika lugha hiyo likawa ndilo lile lililopigwa marufuku. Nirenberg aliposoma habari zake mjini Moscow mwezi wa Agosti mwaka huo, wasikilizaji walikuwa wachache. Crick mwenyewe ndiye aliyemfanyia mpango azisome mara ya pili mbele ya mkutano mkubwa. Hilo ni la kumsifu.

Ilipofika mwaka wa 1966 maneno yote 64 yalikuwa yamejulikana, kwa juhudi ya Nirenberg na ya Har Gobind Khorana, mzaliwa wa Raipur katika Punjab, aliyekuwa fundi mkubwa wa kuunganisha herufi hizo kwa kemia. Mwaka wa 1968 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel pamoja na Robert Holley. Na hapo ndipo visawe vilipopata jina baya. Wataalamu waliuita wingi huo kwa neno la Kiingereza lililoazimwa kutoka hesabu na fizikia, ambalo katika mazungumzo ya kawaida maana yake ni kuzorota. Nayo mabadiliko yageuzayo kodoni kuwa kisawe chake yaliitwa mabadiliko ya kimya. Majina hayo yaonyesha hukumu iliyokuwamo vichwani: kwamba kisawe ni ziada tu, mfano wa chumba kitupu katika nyumba kubwa, na kwamba kuchagua hiki au kile hakumdhuru wala kumfaa mtu.

Hukumu hiyo ilipingwa kwanza na watu waliotakiwa kuandika, si kusoma tu. Keiichi Itakura na Arthur Riggs wa City of Hope, karibu na Los Angeles, waliungana na Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ambaye mwaka wa 1976 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Genentech. Nia yao ilikuwa kumfanya bakteria Escherichia coli atoe somatostatini. Hawakuwa na jeni ya homoni hiyo, ila walijua mfuatano wa asidi zake 14. Basi iliwabidi wairudishe protini katika maandishi ya DNA kwa akili zao wenyewe, wakiwa na namna 393,216 mbele yao na programu hapana.

Walichagua kwa busara inayostahili kuelezwa. Kuna kirusi kiitwacho MS2 kinachomshambulia bakteria huyo huyo. RNA yake yote ilikuwa imekwisha kusomwa mwaka wa 1976 na Walter Fiers na wenzake katika mji wa Ghent, Ubelgiji. Kirusi hakina mitambo yake mwenyewe ya kutafsiri, huishi kwa kutumia ya mwenyeji. Kwa hiyo maneno anayoyapenda kirusi yamkini ndiyo yanayosomeka kwa wepesi katika nyumba ya bakteria. Itakura na wenzake wakayatanguliza maneno hayo. Kisha wakayapima upya kwa sharti la pili, kwani jeni ilipaswa kuunganishwa kutoka vipande vifupi vya DNA, na vipande hivyo visishikamane mahali pasipotakiwa.

Hata hivyo jaribio la kwanza halikutoa kitu. Homoni ilikuwa ndogo, na bakteria aliivunjavunja kama takataka. Wakaiunganisha na mkia wa protini kubwa ya bakteria mwenyewe, wakaweka methionini moja katikati, wakatumia bromidi ya sianojeni, dawa inayokata protini palipo na methionini. Somatostatini haina methionini ndani yake, basi ikatoka nzima. Habari hizo zilichapishwa mwezi wa Desemba 1977. Mwaka uliofuata insulini ya binadamu ilipatikana kwa njia hiyo, nayo ikaruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka wa 1982. Nimekaa kidogo juu ya jambo hili kwa sababu ndani yake yamo yote yaliyokuja baadaye: uchaguzi wa visawe, sababu ya uchaguzi, na ukumbusho kwamba maandishi mazuri peke yake hayakutosha.

Katika miaka hiyo njia za kusoma DNA zilikuwa zikienea, na jeni zilizosomwa zikaanza kurundikana. Richard Grantham na wenzake huko Lyon, Ufaransa, walizikusanya wakahesabu ni kodoni gani hutumiwa na nani. Mwaka wa 1980 wakatangaza kwamba kila kiumbe ana mazoea yake, naye huyafuata katika jeni zake karibu zote. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa. Mtu wa Mvita husema mtele na ndia, wa Unguja husema mchele na njia. Wote wamesema jambo lile lile, na sikio hutambua mara moja aliyesema ametoka wapi. Kodoni AGA na AGG zote hutaja arginini. Mwanadamu huzitumia sana, lakini Escherichia coli huzikwepa. Jeni ya mwanadamu iliyojaa maneno hayo, ikitiwa katika bakteria, husomwa kwa kigugumizi.

Sababu ya kigugumizi ilielezwa na Toshimichi Ikemura wa Japani mwaka wa 1981. Katika chembe kuna RNA chukuzi, ambazo kazi yake ni kama ya wachukuzi wa bandarini: kila mmoja hubeba asidi amino yake, akangoja kodoni yake itajwe. Wachukuzi hawalingani kwa idadi. Ikemura aliwahesabu katika bakteria akaona kwamba kodoni zinazotumiwa mno ndizo zenye wachukuzi wengi, na zile adimu wachukuzi wake ni wachache. Neno adimu likitajwa, mtambo wa kutafsiri, uitwao ribosomu, husimama ukingoja.

Mwaka wa 1987 Paul Sharp na Wen-Hsiung Li waliyafunga maarifa hayo katika namba moja. Walichukua jeni chache ambazo kiumbe huzisoma kwa wingi kabisa, wakaona zinapendelea kodoni zipi, wakazifanya kuwa kipimo. Jeni nyingine yoyote hulinganishwa nazo, ikapewa alama kati ya 0 na 1. Alama 1 maana yake ni kwamba kila kisawe kilichotumiwa ndicho kinachopendwa kuliko vyote. Kusudi kubwa la kipimo hiki lilikuwa kueleza jeni zilizopo na jinsi maumbile yalivyozichuja kwa karne nyingi. Wenyewe waliongeza kwamba huenda pia kikatoa dokezo la kukadiria tu, kuhusu kufaulu kwa jeni ngeni katika mwili wa mwenyeji. Dokezo hilo ndilo lililogeuka kuwa sheria.

Tusiseme kwamba liligeuka bila ya ushahidi. Mwaka wa 1996 Jürgen Haas, Eun-Chung Park na Brian Seed walionyesha kwamba protini ya ganda la virusi vya UKIMWI, ambayo ilikuwa ngumu kuipata kwa wingi katika chembe za binadamu, hutoka kwa wingi zaidi jeni yake ikiandikwa upya kwa kodoni zipendwazo na jeni za binadamu. Mifano ya namna hiyo ilikuwa mingi. Wakati huo huo bei ya kutengeneza DNA kwa kemia ilishuka mwaka hata mwaka, hata ikawa rahisi kuagiza jeni mpya kuliko kuitafuta ya asili. Haja ya mwandishi asiyechoka ikaonekana.

Mwandishi huyo alikuwa programu. David Hoover na Jacek Lubkowski wa Marekani walitoa DNAWorks mwaka wa 2002. Kutoka Braunschweig, Ujerumani, ikaja JCat mwaka wa 2005. Kutoka Tarragona, Uhispania, ikaja OPTIMIZER mwaka wa 2007. Zote zilitumika bure kwa njia ya intaneti. Kazi yao si ya siri. Mtumiaji huandika protini kwa herufi moja moja, K kwa lisini, W kwa triptofani, utaratibu ulioenezwa na Margaret Dayhoff katika miaka ya 1960 ili mashine za wakati ule zipunguziwe mzigo. Programu husoma jedwali la mazoea ya kiumbe kilichochaguliwa. Njia ya kwanza, iliyo nyepesi, ni kuchukua kila mara kodoni ipendwayo kuliko zote. Njia ya pili ni kupiga kura kwa uzito: kodoni yenye matumizi 40 kwa mia hutokea takriban mara 40 katika 100. Njia ya kwanza hupata alama nzuri, lakini huwachosha wachukuzi wa aina moja na kuwaacha wengine wakikaa bure; tena hujaza jeni marudio ambayo watengenezaji wa DNA huyalalamikia.

Kisha programu hupita mara ya pili ikitafuta maneno ya hatari. Mafundi wa jeni hutumia vimeng'enya vinavyokata DNA kama visu, na kila kisu kina mahali pake. Kile kiitwacho EcoRI hukata palipoandikwa GAATTC. Ikiwa protini ina asidi glutamiki ikifuatwa na fenilalanini, huenda programu ikaandika GAA na TTC, na kisu kitapata pa kukata katikati ya jeni. Basi GAA hubadilishwa kuwa GAG, ambayo nayo ni asidi glutamiki, hatari ikaondoka. Katika kazi kama hii mashine ni hodari kuliko mtu, wala haina haja ya kuonewa shaka.

Shaka yangu iko katika jedwali. Kwa miaka mingi majedwali mengi yalitoka katika hazina moja, iliyowekwa na taasisi ya Kazusa huko Japani kwa kazi ya Yasukazu Nakamura, Takashi Gojobori na huyo huyo Ikemura. Ni hazina ya thamani kubwa. Lakini jeni zilizohesabiwa humo ni zile zilizokuwa zimewekwa katika maktaba ya GenBank hadi mwaka wa 2007, na kwa viumbe vingine jeni hizo zilikuwa chache mno. Jedwali la jeni kumi na jedwali la jeni elfu kumi huonekana sawasawa mbele ya macho ya mtumiaji. Tena jedwali huhesabu jeni zote pamoja, ilhali Sharp na Li walichagua kwa makusudi zile zinazosomwa kwa wingi. Ni mfano wa mtu aliyetaka kujifunza kusema kama malenga akahesabu maneno ya mji mzima.

Na hapa pana suala la istilahi ambalo laweza kuwahusu wasomaji wa kurasa hizi kuliko suala la kemia. Kiingereza huiita kazi hii kwa neno lenye maana ya kufikisha kitu kwenye kilele cha ubora, na sisi tumelifuata kwa kusema kuboresha. Nionavyo, neno hilo laahidi kuliko linavyotoa. Programu haijui ubora. Haijaiona protini, haijui itakunjwa vipi, wala haijui kama bakteria ataipenda au ataivunja kama alivyoivunja somatostatini. Inachokifanya ni kuifundisha jeni ngeni mazoea ya nyumba inamoingia. Kwetu kuna neno kuzoesha, nalo latosha: kodoni zimezoeshwa, jeni imezoeshwa bakteria. Mwenye kusema hivyo hatasahau kuuliza kama mazoea ndiyo yaliyotakiwa.

Swali hilo liliulizwa kwa nguvu katika miaka mitatu iliyofuatana. Mwaka wa 2007 Chava Kimchi-Sarfaty na wenzake wa Bethesda walichunguza protini ambayo kazi yake ni kusukuma dawa nje ya chembe za binadamu. Walilinganisha jeni zilizotofautiana kwa mabadiliko yale yaliyoitwa ya kimya, ambayo hayageuzi asidi amino hata moja. Protini iliyotoka ilikuwa na asidi zile zile, lakini haikuzipokea dawa kwa namna ile ile. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba kodoni adimu hubadilisha mwendo wa ribosomu, na mwendo ukibadilika protini hujikunja kwa namna nyingine. Mwaka wa 2008, katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, Eckard Wimmer, Steffen Mueller na wenzao waligeuza sanaa hii kichwa chini. Waliiagiza kompyuta iandike upya jeni za virusi vya polio kwa kuweka pamoja jozi za kodoni ambazo katika jeni za binadamu huchukiana. Protini za virusi hazikubadilika hata kidogo. Virusi vyenyewe vilidhoofika, na panya waliochanjwa kwavyo walipata kinga.

Pigo kubwa lilikuja mwaka wa 2009. Grzegorz Kudla, Andrew Murray, David Tollervey na Joshua Plotkin walitengeneza jeni 154 za protini moja, ile ya kijani ing'aayo iliyotoka kwa kiwavi wa bahari, kila jeni ikiwa na visawe vyake vilivyopangwa kwa bahati nasibu. Wakazitia katika Escherichia coli, wakapima mng'ao. Yenye mng'ao mwingi ilipita yenye mng'ao mdogo mara 250. Je, alama ya Sharp na Li ilitabiri tofauti hiyo? Haikutabiri. Kilichoeleza zaidi ya nusu ya tofauti ni jinsi RNA ya ujumbe inavyojikunja karibu na mwanzo wake: ikijifunga fundo pale, ribosomu hukosa mlango wa kuingilia. Neno la kwanza la hotuba likikwama kooni, ufasaha wa maneno yanayofuata haumsaidii msemaji.

Kwa watu wa Afrika ya Mashariki mabishano haya hayakuwa ya mbali, kwa sababu ya malaria. DNA ya kimelea Plasmodium falciparum ilisomwa yote mwaka wa 2002, ikaonekana kwamba takriban 80 kwa mia ya herufi zake ni A na T. Hiyo ni lahaja ya pekee kabisa. Jeni zake zikitiwa katika bakteria jinsi zilivyo, aghalabu bakteria hutoa protini kidogo au hatoi. Na chanjo haiwezi kujaribiwa pasipo protini. Wengi walizizoesha jeni hizo kwa njia ya kawaida. Lakini Evelina Angov na wenzake katika taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani iitwayo Walter Reed walifuata shauri jingine, wakalichapisha mwaka wa 2008. Walisema kwamba protini huanza kujikunja wakati ingali ikitoka katika ribosomu. Mahali ambapo kimelea mwenyewe ametumia neno adimu, huenda pana kituo: ribosomu hupunguza mwendo, na sehemu iliyokwisha kutoka ikapata nafasi ya kukaa sawa. Mwenye kuyafuta maneno adimu yote amefuta vituo vyote. Basi wao waliweka neno adimu la bakteria palipokuwa na neno adimu la kimelea, na la kawaida palipokuwa na la kawaida. Hii tuiite kuwianisha. Mavuno ya protini walizozijaribu, MSP-1 ikiwa mojawapo, yaliongezeka sana, na protini ziliyeyuka vizuri majini badala ya kuganda mabonge.

MSP-1 ilikuwa inajulikana tayari huko Kombewa, magharibi ya Kenya, karibu na ziwa. Mwaka wa 2005 chanjo iitwayo FMP1, iliyotengenezwa na taasisi hiyo hiyo kutokana na kipande cha protini hiyo kilichokuzwa katika Escherichia coli, ilijaribiwa kwa watoto 400 wenye umri wa miezi 12 hadi 47. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2009. Watoto walitoa kingamwili nyingi, lakini malaria haikupungua kwao kwa kiasi cha kutegemewa. Chanjo ya kwanza ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, mwezi wa Oktoba 2021, baada ya kutumiwa Ghana, Kenya na Malawi tangu 2019, ni RTS,S. Nayo imejengwa kwa protini nyingine ya kimelea, na hutengenezwa katika chembe za hamira. Kipande cha kimelea kipi kitiwe katika chanjo ni jambo ambalo hakuna jedwali la kodoni lililolijibu.

Mwaka wa 2020, maradhi ya korona yalipoenea, kazi hii iliyokuwa ya maabara iliingia katika mikono ya mamilioni ya watu. Mfuatano wa virusi ulitangazwa mwezi wa Januari, na watengenezaji wa chanjo za RNA wakaiandika upya jeni ya protini ya mwiba, yenye asidi amino 1,273, kwa kodoni zenye G na C nyingi zaidi kuliko zile za virusi vyenyewe. Namna za kuiandika protini hiyo ni nyingi hata idadi yake ina tarakimu 633. Hapana mashine iwezayo kuzipitia moja moja.

Mwezi wa Mei 2023, katika jarida la Nature, kundi la wataalamu likiongozwa na watu wa kampuni ya Baidu lilieleza programu iitwayo LinearDesign, ambayo hutafuta kwa pamoja mambo mawili: visawe vinavyopendwa, na RNA iliyojikunja kwa uthabiti ili isivunjike upesi. Kwa protini ya mwiba ilimaliza kazi kwa dakika 11. Njia yenyewe hawakuitoa katika elimu ya viumbe. Waliichukua katika taaluma ya kuifundisha kompyuta lugha za wanadamu, mahali ambapo mashine husikia sauti zenye kuweza kuandikwa kwa maneno mengi yanayofanana, ikapaswa kuchagua sentensi moja iliyo sahihi zaidi katika wavu wa sentensi zote. Panya waliopewa RNA iliyoandikwa hivyo walitoa kingamwili hata mara 128 kuliko waliopewa ile iliyozoeshwa kwa jedwali peke yake.